Nilivyomkana Célestine

St. James, Louisiana
5 Novemba 2018

Kaka yangu mpendwa Clovis,

Pokea salamu zangu na za wote tuliobaki huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Maxine, na kwamba lile goti limetulia tangu daktari alipolichoma sindano. Mimi sijambo. Presha inapanda na kushuka, lakini dawa nameza, na chumvi nimeacha isipokuwa Jumapili. Huku ni msimu wa kuvuna miwa. Malori yanapita mchana kutwa, barabara ni matope matupu, na moshi wa mashamba unaingia mpaka kwenye makabati ya nguo. Ukifumba macho utadhani Mama yuko uani, anatukana kwa Kifaransa kwa ajili ya shuka zake alizoanika.

Najua utashangaa kuona bahasha badala ya simu. Kwenye simu wewe huwa unanikatiza, nami huwa nafurahi kukatizwa. Kwa hiyo naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumwita Maxine, na kabla ya kumuuliza binti yako Simone chochote. Simone amenipa wiki mbili. Alisema, "Shangazi, usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Nianze na kazi yangu. Jiko la shule lilipofungwa nilikuambia nimepata kazi maktaba. Sikufanya kazi maktaba hata siku moja. Kwa miaka tisa, kaka, nimekuwa nikiwatembeza wageni katika jumba la Clairmarais. Ndiyo, Clairmarais hiyohiyo ambayo Mama, tulipokuwa tukipita na gari, alikuwa akiipa kisogo na kutazama upande wa mto. Nilivaa gauni la buluu la kufika miguuni, aproni nyeupe, na kilemba. Mabasi yanatoka New Orleans asubuhi, yanazunguka majumba mawili matatu ya mashamba ya kale, na jioni yanarudi. Kwetu watu wanakaa saa moja na nusu. Wanapiga picha chini ya mialoni, wanaoneshwa sebule, piano, meza ya chakula, vitanda vyenye vyandarua, kisha wanakunywa maji ya limau barazani. Vibanda vya watumwa viko nyuma, na anayetaka anaweza kwenda kuvitazama mwenyewe muda ukibaki. Mara nyingi haubaki.

Maneno ya kusema tulipewa yameandikwa. Aliyaandika Bi Adelaide Marchand, mwenye nyumba, nami niliyajua kama ninavyoijua sala ya asubuhi. Mzee mmoja wa Ohio aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo hapa walitendewa vizuri?" Nikamjibu, "Kwa zama zile, bwana, Clairmarais ilikuwa na sifa ya upole." Akashusha pumzi. Nimewaona wengi wakishusha pumzi namna ile, na nilifika mahali nikaanza kuipenda. Walinishika mkono wakati wa kuondoka, wakaniambia nina sauti nzuri.

Chumba walichokipenda kuliko vyote ni cha chakula. Hapo nilisimulia habari za mpishi aliyeitwa Célestine. Nilisema hakujaliwa mtoto, akawapenda watoto wa nyumba ile kama wake. Nilisema uhuru ulipokuja wenzake wote waliondoka, yeye akabaki kwenye jiko lake hadi kufa, kwa mapenzi. Wanawake walikuwa wakipangusa macho.

Unajua ni Célestine gani. Ni mama yake Philomène, aliyemzaa bibi yetu.

Sasa, Alhamisi ya tarehe 25 Oktoba, Simone alikuwa New Orleans kwenye mkutano wa wauguzi. Alikuwa ameniahidi kuja kwangu Jumamosi kula mchuzi wa gumbo. Lakini wenzake wawili walikuwa wamelipia yale matembezi ya siku moja, wakamshawishi, naye akakubali kwa sababu alitaka kuona mahali ambapo bibi yake alikataa kupatazama. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mikono imekunjwa juu ya aproni kama tulivyofundishwa. Watu wakashuka kwenye basi, na karibu na mwisho akashuka mtoto wako, amevaa miwani ya jua, anacheka jambo aliloambiwa na mwenzake. Kisha akaniona.

Nilisema, "Karibuni Clairmarais." Sauti haikutetemeka, Clovis. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Hakuniita. Aliitazama aproni, akakitazama kilemba, akavua miwani akaitia mfukoni, akafuata kundi kama mgeni mwingine yeyote. Nikawapitisha sebuleni, nikawaonesha piano iliyotoka Paris. Nikawaingiza chumba cha chakula, nikaanza habari za Célestine. Bi Adelaide alikuwa amesimama mlangoni, kama afanyavyo kundi likiwa kubwa. Nilipomaliza, Simone akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mama," akasema. Mama, siyo Shangazi. "Huyu Célestine alikuwa na jina la ukoo?"

Nikasema halikuandikwa popote.

"Na hakuwa na mtoto kabisa? Hata mmoja?"

Watu arobaini walikuwa wananitazama. Nikasema, "Hapana, binti yangu. Hakujaliwa."

Nilimwambia hivyo usoni, yeye mwenyewe akiwa damu ya Célestine. Simone akatikisa kichwa taratibu, nadhani ndivyo anavyomtikisia kichwa mgonjwa anayemdanganya kuhusu pombe anazokunywa. Bwana mmoja akauliza kama taa ya darini ni ya zamani kweli, nikamjibu kwamba ni ya zamani, tukaendelea.

Wenzake walipokwenda kunywa maji ya limau, yeye hakwenda. Nilimkuta nyuma, ameketi kwenye kizingiti cha kibanda cha pili.

"Maktaba, Shangazi?"

Nikamwambia asiseme nami hivyo.

"Niseme nawe vipi? Bibi alinisimulia nikiwa na miaka sita, ananisuka. Philomène aliuzwa ana miaka tisa, na wiki tatu baadaye ikaletwa piano. Piano hiyohiyo umetuonesha sasa hivi ukitabasamu. Célestine alimwambia nini pale kwenye mkokoteni?"

Nikaitazama njia ya kurudi nyumba kubwa.

"Alimwambia nini, Shangazi Verlene?"

Nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama atanisikia: "'Popote watakapokupeleka, mimi nitakuwa hapa. Rudi, utanikuta.'"

"Kwa hiyo alibaki kwa nini?"

"Alikuwa anamngoja."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Minne ya mwisho akiwa huru, angeweza kwenda popote."

Simone alilia, nami nikataka kumshika, akaniwekea mkono mbele, kwa upole, kama unavyomzuia mtu asikanyage mahali palipomwagika maji. Kisha akaniuliza jambo jingine, ambalo nitalifikia. Honi ya basi ikalia. Hapo ndipo aliponipa hizo wiki mbili.

Saa nane lilikuja kundi jingine. Nilikuwa nimeamua kwenda kumwambia Bi Adelaide kwamba kichwa kinaniuma. Badala yake nilijikuta nimesimama chumba cha chakula, na maneno yaliyotoka hayakuwa yake. Niliwaambia kwamba Célestine alikuwa na mtoto aitwaye Philomène. Niliwaambia habari za piano. Niliwaambia kwamba Philomène alirudi kwa miguu kutoka kaskazini akiwa mwanamke mzima, na alipofika mlango wa jiko mama yake hakumtambua, mpaka Philomène alipomwita kwa jina alilokuwa akimwita utotoni. Niliwaambia bibi yangu ni mtoto wa Philomène. Hakuna aliyepangusa macho safari hii. Walisimama tu. Mwanamke mmoja aliuliza choo kiko wapi. Mzee mmoja mweupe alivua kofia yake akaishika mkononi mpaka walipotoka nje.

Bi Adelaide aliniita ofisini kabla basi halijaondoka. Hakupaza sauti, hajawahi. "Verlene," akasema, "watu hawaji hapa kuhuzunishwa. Jumamosi nina harusi ya watu mia mbili chini ya mialoni hiyo." Nikamwambia nilichosema ni kweli. Akasema, "Huenda. Lakini kwa miaka tisa kweli ilikuwa ile uliyoisema wewe mwenyewe. Mimi sijawahi kukulazimisha." Na hapo, Clovis, alinishika pabaya. Nikavua kilemba na aproni, nikaviweka mezani kwake. Lakini kabla sijatoka nilimwomba kitu kimoja, akafungua droo, akanionesha karatasi yenye saini yangu, akasema haiwezekani.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Ndilo hilo Simone aliloniuliza pale kibandani.

Katika chumba kile cha chakula, kati ya wazee wawili wa ukoo wa Marchand waliochorwa kwa rangi za mafuta, kuna picha ya mwanamke mzee ameketi kwenye kiti, mikono magotini, kidole gumba kimoja kimepinda. Ni picha yetu. Ni ile ya Célestine iliyokaa juu ya kabati la Mama, ambayo Simone aliibusu kila alipokuja likizo.

Ndugu yetu Ovide hakuiiba. Niliitoa mimi.

Bi Adelaide alisikia kwamba tunayo, akaniita. Aliniambia ataitundika chumba kikubwa, pamoja na watu wa ukoo wake. Hakunipa chochote zaidi ya kazi, na wala sikuitoa kwa ajili ya kazi. Niliwaza: mwanamke aliyeingia nyumba ile maisha yake yote kwa mlango wa nyuma, leo ataketi juu ya meza yao, nao wale wakimtazama. Nilijivuna, kaka. Nikaweka saini. Siku niliyoanza kazi nikakuta kibao chini ya picha kimeandikwa "Célestine, Mtumishi Mwaminifu," na nikapewa yale maneno niyakariri. Nikajiambia nitasema kesho. Mama, akiwa kitandani, aliiulizia picha mara mbili. Nilimwambia iko kwa fundi, inatiwa fremu mpya. Alikufa akiisubiri.

Na siku ya mazishi wewe ulisimama mezani, mbele ya padri na watu wote, ukasema aliyeiuza kwa wauza vitu vya kale ni Ovide, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilala kwa Mama akimuuguza. Unakumbuka alichosema? "Sikuichukua, Clovis." Hakusema zaidi. Ukamwambia aweke sahani chini aondoke. Mtoto wa mama yetu mdogo, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni, akaweka sahani chini ikiwa bado na chakula, akatoka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika mwiko wa wali. Niliendelea kupakua.

Jana, baada ya misa, nilikwenda kwake. Sukari imemla mguu mmoja, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa barazani anabangua kokwa za pikani. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Hakuacha kubangua hata nilipolia. Nilipomaliza, alikung'uta maganda mapajani.

Kisha akasema, "Nilimwogesha Mama mkubwa. Nilimlisha kwa kijiko. Juzi siku ya Watakatifu Wote mmelipaka chokaa kaburi lake, mimi nimekaa hapa kama ninavyokaa kila mwaka. Sijawahi kuliona jiwe lake, Verlene. Limeandikwaje?"

Nikamwambia lilivyoandikwa. Akataka nirudie. Nikarudia.

"Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi nenda. Pole yako sina mahali pa kuiweka leo." Nilipofika chini ya ngazi akaniita. "Mwambie Clovis sitaki simu yake. Aliniambia mbele ya watu. Aje anitazame."

Ndiyo hayo, kaka yangu. Sikuombi msamaha kwa barua. Ningekuwa najitafutia njia rahisi tena. Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasimama ukumbini niwaambie wote waliokula chakula kile kwamba mwizi hakuwapo, na aliyejua ukweli alikuwa akiwapakulia wali. Nimeshamwambia padri. Hilo nitalifanya uwepo usiwepo. Lakini yale uliyomwambia Ovide uliyasema wewe, kwa kinywa chako, nami siwezi kuyafuta kwa niaba yako. Daktari wake anasema habari ya mguu wa pili haijulikani. Usingoje Krismasi. Kama ukija ukapita nyumbani kwangu bila kusimama, nitaliona gari lako dirishani na nitaelewa.

Nisalimie sana Maxine. Mwambie Simone kwamba nimeandika. Simu yangu sitaizima, lakini nakuomba, hasira zikikujaa, zilete huku mwenyewe, utukute mimi na Ovide tungali hai.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utakubali kuniita hivyo,

Verlene Honoré