Kofia ya Pete Iliyokataa Kichwa cha Deo

Shelui, Jumatano ya Juma Kuu

Mama, shikamoo.

Barua hii nimeianza mezani, nikaihamishia mkekani, sasa naiandika kwenye kigoda chako karibu na mlango wa jikoni. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Ungekuwepo ungeshasema, "Skola, tulia, unanitia kizunguzungu."

Tangu tulipokuzika nimekuwa nikijaza shajara kila siku kama kawaida yangu. Mvua imenyesha. Alizeti imeanza kuinamisha vichwa. Mama mdogo Tekla amekuja, ameondoka. Lakini shajara haijibu, na jambo nililonalo linamhitaji mtu. Mtu mwenyewe ni wewe.

Ile kofia, Mama, ilikataa kumwingia Deo.

Unakumbuka ilivyoanza. Ijumaa Kuu ya mwaka jana, kwenye igizo la mateso, askari mkuu alivalishwa kofia ya sweta iliyopakwa rangi ya fedha. Mvua ikanyesha, rangi ikamtiririkia mpaka kidevuni, na madereva wa malori waliosimama kando ya barabara wakacheka mpaka wakashika magoti. Ulirudi nyumbani ukakataa chakula. "Askari gani anamsulubisha Bwana amevaa sweta?" Ukafungua sanduku langu, ukatoa kitabu changu cha historia cha sekondari, ukafunua mpaka kwenye picha ya wapiganaji wa Ulaya ya zamani. Vichwani walikuwa na kofia za pete ndogondogo za chuma zilizoshikana, zimefunika masikio na shingo, zimeacha uso tu. Nikakwambia, Mama, hawa na askari wa Kirumi wameachana karne nyingi. Ukanijibu, "Kwani kuna atakayewauliza mwaka wa kuzaliwa?"

Ukanunua waya wa fensi. Ukauzungusha kwenye nondo mpaka ukawa kama springi, ukaukata kwa plaizi, pete zikawa zinadondoka kwenye beseni, tin, tin. Ukaanzia utosini na kushuka kwa mzunguko, kama unavyoanza kikapu, kila pete ukiipitisha kwenye pete nne. Mimi nilikuwa nakukatia tu. Kufunga hukunikabidhi.

Na kipimo ulichukua kwenye kichwa chako mwenyewe. Nilipouliza kwa nini, ulisema, "Humu ndani kichwa kilichotulia ni hiki kimoja." Tukacheka. Hakuna aliyemkumbuka Deo wa bodaboda, ambaye ndiye angeivaa.

Ulipoondoka ilikuwa imefika masikioni. Shingo na mabega nimemalizia mimi baada ya matanga, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haijui pa kwenda. Plaizi yako Mama mdogo aliichukua siku ya kugawana vitu vyako, nikanunua nyingine. Ndiyo maana najua kwa kugusa tu pete zipi ni zako. Plaizi yako ilikuwa imevunjika jino, inaacha kovu dogo kwenye kila pete. Zangu ni laini. Zako zina kovu.

Jumapili ya Matawi, baada ya misa, tukamjaribisha Deo. Ilikwama juu ya masikio. Akavuta, nikavuta, katekista akavuta. "Dada Skola," akalia, "ningoe masikio kwanza, kichwa kitafuata!" Watu wakacheka, mimi sikuweza. Niliivaa mwenyewe kuhakikisha. Ikanikaa sawasawa, kama uliipima kwangu. Nikaivua haraka.

Katekista akasema ile sweta bado ipo sakristia.

Dawa naijua: kufungua nyuma, kutoka kisogoni kwenda juu, kisha kuingiza kipande cha pembetatu ili ipanuke. Lakini huko nyuma ni pete zako tupu. Mama mdogo alikuwepo, akanikazia macho. "Usithubutu. Alichofunga marehemu hakichokonolewi. Muache Deo avae sweta lake."

Jumatatu yote sikukaa. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilifuata chumvi dukani nikarudi na kiberiti. Kila nikiishika plaizi nilikuwa naiona mikono yako, nikaiweka chini. Kwamba nitakata jambo la mwisho ulilolifanya ukiwa hai! Na nisipolikata, Ijumaa watacheka tena, na kofia yako itabaki msumarini ikishika vumbi.

Nikiwa naosha vyombo ndipo nikakumbuka kile kikapu. Nilikuwa nasoma bado. Nilikisuka mwenyewe, kimepinda kidogo tu, na kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Ulikigeuza mara moja, ukavuta ukili, ukakifumua chote mbele yangu. Nililia. Nikakuita mkatili. Nawe hukuniangalia hata usoni. "Fumua. Mikono si bado ipo?"

Niliacha vyombo kwenye maji nikaenda kwa Mama mdogo na povu mkononi. Nikamwambia maneno yako hayo. Akaanza kucheka na machozi yanamtoka. "Na mimi alinifumulia," akasema. "Ungo mzima! Nina mimba ya mwanangu Benja!" Akaongeza kwa Kinyiramba neno ambalo siwezi kukuandikia, maana wewe ndiye uliyemfundisha.

Jana asubuhi akaja, amefunga kitu kwenye kanga. Plaizi yako.

Tulifumua pamoja, Mama. Yeye alishika, mimi nikafungua. Pete ya kwanza iliniuma kama jino. Ya pili kidogo. Baadaye zikawa pete. Hatukutupa hata moja, tulizirudisha zote pamoja na mpya, na mpya nazo nimezifunga kwa plaizi yako. Leo nimepitisha vidole kisogoni nikitafuta mahali ulipoishia wewe na nilipoanzia mimi. Sijapaona. Zote zina kovu.

Deo ameijaribu mchana huu. Imeshuka mpaka mabegani bila kuvutwa. Akatikisa kichwa, pete zikalia. Hakufanya utani. Akasema tu, "Nzito," akasimama wima.

Basi kwaheri, Mama yangu. Pumzika, wewe uliyejua kutulia. Ijumaa nitatembea nyuma ya Deo barabara nzima, macho yangu kisogoni kwake, na madereva wacheke wakiweza. Kofia hii sitaifungia sandukuni. Mwakani kikija kichwa kingine, kikubwa au kidogo, nitakaa kwenye kigoda hiki, nitafumua.

Mikono bado ipo.

Mwanao,
Skola