Jaketi Alilolishona Baba

Jumatano, 6 Agosti

Tumefika. Nyumba ya wageni ina vyumba vinane na kila dirisha linaangalia mto. Nimechagua kitanda cha ukutani ili nisiuone. Haisaidii – unausikia. Kama mtu anayemimina changarawe na hachoki.

Safari hii kaichagua Dada. Alipomaliza chuo akaulizwa anataka tusherehekee vipi, akasema boti la mpira, maji makali, familia nzima. Mama alijitoa hapo hapo: yeye na maji wanakutana kwenye sufuria tu, atakuja ila atakaa kivulini. Baba akasema sawa. Nikaulizwa mimi. Nikasema sawa.

Hiyo “sawa” yangu! Nikiulizwa kitu mbele ya watu ndiyo inayotangulia kutoka, hata ningeulizwa kama nataka kung'olewa jino zima. Dada ananiita Kobe. Anasema nikiguswa tu, kichwa ndani.

Hapa haniulizi mtu, basi niseme. Naogopa maji. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza niliwahi kuandika insha nzima juu ya kuogopa giza, nikasifiwa darasani. Giza siliogopi hata kidogo. Uoga wangu wa kweli unajua Kiswahili tu. Nilikuwa na miaka sita, nikachungulia kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, nikaingia kichwa chini. Baba ndiye aliyenichomoa kwa miguu kama karoti. Tangu hapo kila pipa kwetu lina kifuniko, na kila kifuniko kina tofali juu. Na mimi nanawa uso kwa kitambaa. Dada anadhani nilishapona zamani.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo mazoezi, sehemu ambayo mto umetulia. Kiongozi wa boti letu ni mwanamke mwembamba, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira jana. Wenzake wanamwita Nahodha. Ametupa kila mmoja kasia, helmeti na jaketi la kuelea, akasema tukae navyo mpaka safari iishe. Mkao: Baba na Dada mbele, mimi nyuma karibu naye. Akisema “mbele” tunapiga kasia. Akisema “chini” tunachuchumaa ndani ya boti na kushika kamba. Hakuna kubishana, akasema, mtabishana mkifika.

Hadi hapo nilikuwa mzima. Halafu akasema kila mtu lazima aingie majini mara moja, alale chali, miguu mbele, aone jaketi linavyombeba. Dada akajirusha kama amesukumwa na shetani. Baba aliteremka taratibu, ameshika kamba ya boti, akalala chali huku bado ameishika. Nahodha akamwambia, mzee wangu, boti haliibiwi, liachie. Tukacheka. Aliachia kidole kimoja kimoja.

Mimi nikaingia. Sijui niliingiaje. Jaketi lilikuwa kubwa – mimi nilikwenda chini, lenyewe likaja juu, likanifunika masikio na mdomo. Nikaona kitambaa cha rangi ya chungwa tu. Nikameza maji. Nahodha alinivuta mabegani nikawa ndani ya boti, na nadhani haikufika hata dakika, lakini nilirudi nikiwa na miaka sita.

Baba alikuwa tayari ameshapanda. Mkono wake ulikuwa umenyooka kunielekea, umebaki hivyo hivyo hewani hata baada ya mimi kutolewa.

 Mezani Dada aliigiza nilivyokohoa, Mama akamwambia ale chakula chake.

Ijumaa, 8 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Safari imesogezwa hadi kesho. Nilishukuru kimoyomoyo, kisha nikaona aibu kushukuru.

Mchana nimemkuta Baba kibarazani na jaketi langu mapajani. Baba ni fundi cherehani na sindano hazimtoki. Hata likizo anatembea na mbili chini ya ukosi wa shati. Ametumia uzi ule mzito wa mabegi. Amelibana ubavuni pande zote mbili, mabega ameyashusha, na mikanda ameishonea palepale isilegee.

Akaniita kwa jina lake la kunidekeza: “Mama, njoo upime.”

Nikavaa. Lilinikaa kama sare mpya ya shule. Akalivuta juu kwa nguvu – halikupanda hata inchi.

“Sasa litakufunika uso kutokea wapi?” akasema. Akakata uzi kwa meno.

Dada alipita akasema Baba sasa anaweza kumshonea hata samaki. Baba akamjibu samaki akilipa mbele, atashonewa.

Nilitaka kumwambia Baba siendi. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu jana. Lakini nitaisemaje nimevaa kazi yake? Nikasema asante. Nikalivua kwa shida, kupitia kichwani, maana mikanda haifunguki tena.

Jumamosi, 9 Agosti – asubuhi

Naandika haraka, Nahodha ameenda kuleta jaketi jingine. Daftari litapanda kwenye mfuko usioingiza maji, pamoja na chakula.

Tulipanga mstari kando ya mto ili atukague. Anamvuta kila mtu mabegani aone kama jaketi limekaa. Alipofika kwangu akavuta, akasimama. Akapitisha kidole kwenye mshono. Akaita mwenzake wa boti la pili, wakaangalia wote.

“Nani kashona hili?”

Baba akajibu kwa sauti ya dukani: “Mimi. Nimepiga mshono mara mbili.”

“Naona, mzee wangu. Mshono mzuri sana. Ndiyo shida.”

Akaeleza bila kupandisha sauti. Ndani ya jaketi kuna sponji maalum, imefungiwa isipate maji. Sindano imeipita kila mahali. Sasa litakunywa maji. Na mikanda ikishonewa, mtu akinasa kwenye tawi hawezi kujivua. Akasema hili haliingii mtoni tena.

Watu wa boti la pili walikuwa wanasikiliza. Dada aliangalia miguu yake. Baba alisema, “Alaa.” Neno moja. Akaweka mkono kwenye ukosi wa shati, akagusa sindano zake, kama anazitaka radhi. Sijawahi kumwona Baba akikosea mshono mbele ya watu.

Na hapo nilikuwa na sababu kamili ya kubaki na Mama kivulini! Jaketi hakuna. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini ningebaki, ingekuwa yeye ndiye aliyeniharibia safari. Angelibeba hilo mpaka nyumbani.

Nikasema, “Liko dogo zaidi?” Halafu, sijui ilitoka wapi, nikasema, “Naogopa maji.” Kwa sauti. Mbele ya wote. Mbele ya Dada!

Dada akaniangalia kama nimeota pembe. Nahodha aliitikia kwa kichwa tu, kama nimemwambia saa. Akasema wanaoogopa huwa wanasikia anachosema, wanaompa taabu ni wengine, na akamtazama Dada. Kisha akaenda kutafuta.

Jumamosi – mchana

Tumesimama kula, kwenye changarawe katikati ya safari. Nina mchanga hadi kwenye meno. 

Nimepita maji makali mara tatu! Ya kwanza nilifumba macho. Ya pili Nahodha akasema “chini”, nikachuchumaa, wimbi likatupiga usoni, likaingia puani, likatoka. Likatoka! Nilisubiri lile pipa, halikuja. Ya tatu nilifumbua macho muda wote. Katikati kulikuwa na mahali maji yamejikunja kama shuka linalokung'utwa, boti likapanda juu yake, na kelele niliyoisikia ilikuwa yangu. Dada aligeuka kuangalia ni nani.

“Kobe, ni wewe?”

Nilikuwa mimi. Na jaketi dogo halikupanda.

Bado maji ya mwisho, makubwa kuliko yote. Tunayasikia kutoka hapa. Nahodha amesema kuna njia ya miguu juu ya mawe; asiyetaka kuyapita atembee, watakutana chini, hakuna aibu. Mimi nataka kupanda. Naliandika tena nilione: nataka.

Ila Baba amekuja kuchuchumaa kando yangu. Hajala mkate wake. Akaniambia polepole, “Mama, tukatembee mimi na wewe. Nitakusindikiza.”

Nikamwangalia. Alikuwa anajaribu kufungua kifungo cha helmeti yake. Baba anayetunga uzi kwenye sindano gari likiwa mwendoni – kifungo kimemshinda. Nikamfungulia. Shingo yake ilikuwa inadunda.

Sikujua. Miaka yote hii nilidhani yale matofali juu ya mapipa ni kwa ajili yangu.

Nikipanda, atapanda. Hawezi kuniacha niende bila yeye, namjua, atakaa mbele na kupiga kasia na kufa kimya kimya. Nikitembea, atatembea kama baba anayemsindikiza mtoto, na Dada hatajua, na watu wa boti la pili hawatajua. Kumwambia apite njia ya miguu peke yake, mbele yao, baada ya asubuhi ile? Mdomo wangu umejifunza neno moja tu leo: naogopa.

Nahodha ameanza kuuliza nani anapanda, nani anatembea. Ameanzia boti la pili. Wawili wanatembea. Sasa Dada: anapanda, bila shaka. Baba ameshaokota ule mfuko usioingiza maji, kauweka begani.

Amefika kwetu. Baba amemjibu kabla hajauliza: “Huyu mwanangu anaogopa. Mimi namsindikiza.”

Ilikuwa kweli asubuhi.  Nahodha ananitazama mimi, anangoja niseme mwenyewe, na Baba naye ananitazama. Nafunga daftari, niliseme tena lile neno moja, nitembee naye.