Karatasi Niliyofungia Dawa

Jumatatu, 2 Juni
Nimechuma pamba tangu alfajiri. Kiroba kimoja tu. Mume wangu Masanja angeshajaza vitatu. Alikuwa akiimba vibaya, kwa makusudi, ili nichume haraka nimkimbie. Wiki ya saba bila yeye.

Jumatano, 4 Juni
Mayu, mama mkwe wangu, ana sukari kama mwanawe. Kaniomba ule unga wa mizizi aliokuwa anakunywa marehemu. Nimempa. Zimebaki pakiti nne. Nilizifunga mwenyewe kwa karatasi, kama chumvi ya dukani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefungua pakiti nyingine. Karatasi ina nembo ya serikali. Ni kipeperushi cha tiba asili tulichogawiwa kanisani. Nilikichana bila kusoma.

Nimesoma leo, nimesimama jikoni. Kinasema dawa ya mizizi pamoja na vidonge vya sukari inaweza kuishusha sukari ghafla. Jasho. Kutetemeka. Kuanguka. Mwambie nesi kila unachotumia.

Masanja alitoka jasho. Akatetemeka. Akaanguka mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

Na kule kliniki nesi alimuuliza. "Kuna dawa nyingine unatumia?" Nikajibu mimi, haraka: "Hapana." Niliona aibu. Mimi mwanakwaya, na dawa ya mganga nyumbani.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 6 Juni
Sikulala. Asubuhi nimemnyang'anya Mayu kikombe mdomoni.

"Una wazimu, mama Kulwa? Au dawa unamwekea bwana mpya?"

Nikamsomea karatasi. Nikamwambia na lile "hapana" langu. Nilingoja anifukuze. Alitazama moto mpaka uji ukaungua.

"Kwa mganga nilimpeleka mimi," akasema. "Nikamwambia asikwambie kwamba ni mimi."

Sikujua. Miezi yote ile sikujua. Tumelia, kila mtu kona yake.

Jumatatu, 9 Juni
Kliniki ya Mayu. Nilimuuliza nesi kama ni mimi niliyemuua mume wangu.

"Sijui, mama. Siku ile alipoanguka hakupimwa sukari."

Hilo tu. Kisha akafungua daftari la Mayu, akauliza swali lake lilelile. Mayu akanitazama.

"Ndiyo," nikasema. Nikaweka pakiti mezani, pamoja na kipeperushi chenye mikunjo yangu.

Hakutugombeza. "Mizizi hatuikatazi. Tuambieni tu."

Tumerudi taratibu. Mayu alinishika mkono mpaka nyumbani, watu wakiona. Tumekunywa uji. Pamba imebaki mistari miwili.