Mahali Maji ya Udhu Hayafiki

Kamembe, Ijumaa asubuhi

Papa,

Natumaini huko uliko hakuna mizinga. Hapa tunaisikia tangu Jumamosi, kutoka ng'ambo, upande wa Bukavu, na chupa zako zinagongana kabatini. Daraja la mpakani limefungwa. Mafuta ya msandali uliyoagiza hayakufika, nami nilikuwa na yale tuliyobaki nayo tu.

Nianze mwanzo, kama mwalimu anavyotufundisha.

Ulipotuacha, Baba mdogo Hamza alihamia kwetu atulinde. Ni mwema, lakini anaamua haraka. Jumapili alisema meza yako ya sokoni itauza betri na sabuni, maana wakati wa vita watu hawatafuti marashi, na Ijumaa baada ya sala muuzaji mwingine angekuja kuchukua chupa zote. Maman alikunja kitambaa chako cha kuchujia, akakikunjua, akakikunja tena. Mimi nikasema naweza kumaliza yale marashi ya wanaume uliyoyaacha.

"Weye mutoto," akacheka, "unajua nini ya harufu ya banaume?"

Ninajua ulichonifundisha. Asubuhi inasalimia, adhuhuri inafanya kazi, jioni inaketi. Limau na iliki ndizo salamu, karafuu ndiyo kazi, msandali ndio kiti. Kila jaribio ulijipaka mwenyewe ukaenda sokoni, na ukirudi uliniita karibu: "Sasa, imeketi?" Nami nilijibu bado, karafuu inapiga kelele. Kwenye daftari, jaribio la saba, uliandika neno moja tu: bado. Kisha ukaugua.

Nilimwomba Baba mdogo anipe nafasi kabla ya Ijumaa. Akasema sawa, nimpake yeye, lakini ikinuka kama bibi harusi, chupa zinaenda.

Jumatano nilipunguza karafuu kwa tone moja, nikampaka kwenye kifundo cha mkono. Jioni nilinusa mkono ule mara tatu. Hakukuwa na kitu, ila vumbi la magunia anayobeba bandarini. Akanihurumia, akaanza kulifunga boksi la chupa kwa kamba. Ndipo adhana ya magharibi ikaita. Akakunja mikono ya shati, akatawadha, na nikaona maji yakipita palepale nilipompaka.

Papa, wewe ulipaka shingoni, chini ya sikio. Nilikuona miaka yote, nikadhani ni madaha tu.

Msandali uliobaki haukutosha kukosea tena. Jana asubuhi nilichanganya vilevile, nikampaka shingoni, naye akaenda kazini.

Mchana mizinga ikasogea. Watu walipanda mbio kutoka ziwani, na yeye hakuwa kati yao. Alasiri ikapita. Maman alipika ameupa mlango mgongo, kwa sababu hakutaka kuutazama. Mimi niliogopa kwa ajili ya Baba mdogo, na niliogopa kwa ajili ya marashi, na niliona aibu kwamba hofu zangu zilikuwa mbili.

Akaingia kimya, viatu mkononi, jasho limemlowesha. Kabla sijasimama, Maman akasema bila kugeuka:

"Papa Zuhura, umechelewa. Maji iko tayari."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Hilo ni jina lako, Papa, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Baba mdogo aligusa shingo yake. Kisha akaenda kwenye boksi lililokuwa karibu na mlango, akapiga magoti, akaanza kufungua fundo alilofunga mwenyewe.

"Kesho ntamuambia ule muntu asikuje," akasema.

Nilimsogelea nikanusa. Karafuu ilikuwa imenyamaza. Maman alikuwa analia, lakini alinusa pia.

Leo mizinga bado inalia na hatujui daraja litafunguliwa lini. Hata hivyo Baba mdogo amekuja mwenyewe kabla ya sala ya Ijumaa, akaniinamishia shingo kama mtoto anayenyolewa. Chupani limebaki tone moja. Hilo sikumpa. Nitalitunza nilinganishe nalo, ili msandali mpya ukifika nisiipotoshe harufu yako hata kidogo. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kwamba shule siiachi.

Neno lako sikulifuta. Chini yake nimeandika: la nane, imeketi.

Mungu akupanulie mahali ulipolala, Papa. Nakuaga kwa leo.

Binti yako,
Zuhura