Vidole Vilivyokufa Ganzi

Mdogo wangu mpendwa,

Kuna jambo nimekuficha tangu mume wako alipofukuzwa kazi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimestaafu nalo, na sasa daktari amenieleza kwa upole kwamba nisipange mambo ya mbali.

Lakini acha kwanza nikusalimie. Hujambo? Mguu uliokuwa ukivimba umepoa? Mimi nipo, nakula kidogo, nalala kidogo, na binti anayenihudumia ananigombeza kama mtoto nikikataa dawa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Unakumbuka jina walilonipa pale benki: Mashine. Mashine ya kuhesabia ikikwama, watu walisema mwiteni Mashine mwenyewe, huyo hatumii umeme. Nilikuwa mkuu wa chumba cha fedha, na makarani wote wapya walipita mikononi mwangu. Niliwafundisha kuinua noti kwenye mwanga waione sura iliyofichwa ndani ya karatasi, kuufuata uzi wake kwa jicho, kisha kuiweka chini ya taa ya zambarau, ambako noti bandia hung'aa kama shati jeupe lililotoka kufuliwa. Halafu nikajigamba kwamba taa ni ya wasio na vidole. Mimi niliipapasa tu noti kwa dole gumba. Wino wa noti halali hukwaruza. Wa bandia huteleza.

Basi vidole hivyo vilikufa ganzi. Ni sukari. Niligundua jikoni kwangu, siku niliposhika sufuria ya moto nikasimama nayo nikiongea, mpaka nikasikia harufu ya ngozi yangu. Ningeweza kusema. Ningeweza kuwasha taa kama mtu mwingine yeyote. Nikaona haya mbele ya vijana niliowafundisha.

Aliyenigundua ni mume wako, aliyekuwa karani chini yangu chumbani humo. Alinitania kishemeji kwamba siku hizi naitazama kila noti kama mtu anayemtafuta mdeni wake kwenye umati. Sikucheka. Akafunga mlango, akaniuliza tena bila utani, nikamwambia. Hakunihubiria. Alisema tu, shemeji, mabunda yako yawe yanapitia kwangu.

Hapo lazima nikueleze utaratibu wetu. Kila bunda hufungwa kwa ukanda wa karatasi, na aliyelihesabu hugonga muhuri wake juu ya ukanda huo. Bandia ikionekana ndani, haulizwi mwingine. Ukilifungua bunda la mwenzako ukalikagua upya, ukanda wake unatupwa, unagonga muhuri wako, na mzigo unakuwa wako. Kwa hiyo kila alipoyapitisha mabunda yangu chini ya taa, aliyabeba kwa jina lake. Alikuta bandia humo, zaidi ya mara moja. Wakubwa wakamsifu kwa jicho kali, nami nikampigia makofi pamoja nao.

Ndipo akaja mfanyabiashara wa mbao, ametota jasho. Alikuwa amechukua kwetu mishahara ya watu wake. Mpasua mbao mmoja alikwenda dukani na noti yake, mwenye duka akaikataa na kupiga kelele za mwizi, na yule maskini akapigwa mpaka akapoteza jicho. Mfanyabiashara akatumwagia mezani noti zilizobaki, na ukanda wake. Niliziweka chini ya taa mbele ya meneja. Ziling'aa. Muhuri ulikuwa wa mume wako.

Mengine unayajua, au unadhani unayajua. Uliniuliza bunda hilo lilifungwa siku gani, nikakujibu kwamba mambo ya benki hayasemwi nje. Ulimuuliza yeye, akakujibu kila mara, muulize kaka yako. Nadhani hakutaka kuwa yeye wa kukuvunjia kaka aliyekulea. Wewe ulikuja kwangu unalia, ukisema mume gani huyu anayejificha mgongoni mwa shemeji yake. Nikakuacha uamini hivyo. Ukafungasha, ukahamia kwangu na watoto, na majirani wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Wanao wamekua wakimwita baba yao "yule mtu". Leo anatengeneza baiskeli peke yake, na tukikutana njiani ndiye anayeanza kunisalimia.

Maelezo kama haya nimeyapeleka benki, pamoja na ombi kwamba asiwepo mkuu wa kuachiwa aikwepe taa kwa sababu ya heshima yake. Yeye mwenyewe sijamwandikia. Kila nikianza, kalamu inagoma. Nenda wewe, mdogo wangu. Nenda na watoto.

Wasalimie wote. Jitunze, na huo mguu usiuchoshe. Salamu za kuagana naziweka hapa kwa sababu nikishasema lililobaki sitakuwa na uso wa kukuaga.

Kwenye kikao cha uchunguzi, mume wako alijitetea kwamba siku bunda lile lilipofungwa hakuwepo kazini. Meneja akanigeukia mimi. Mume wako naye akanitazama, wala hakunisihi. Alitulia kama mtu ambaye shahidi wake amefika. Nikasema alikuwepo, tulishinda naye chumbani mchana kutwa.

Hakuwepo. Nilimpa ruhusa kwa mdomo tu, bila kuiandika popote, akatoka mbio. Bunda nililihesabu mimi, bila taa, na nilipomaliza nikauogopa muhuri wangu, nikafungua droo yake, nikagonga wake. Yeye saa hizo alikuwa amesimama nje ya wodi ya wazazi, akisubiri umzae kitinda mimba wenu.

Kaka yako