Viatu vya Elia

Dada Nyamizi, shikamoo. Mlima wa kwenye picha ya kadi hii leo umejificha mawinguni, na mimi nina hasira.

Mumeo alifika jana hospitalini kumchukua mwanao. Alimkuta Elia anamaliza bakuli la mtori wa ndizi, akatangaza, "Huyu amepona, twende nyumbani." Elia akaanza kukunja shuka.

Shemeji hakuwepo damu ilipokuwa ikimtoka Elia puani. Dawa zimeirudisha nyuma saratani ile ya damu, lakini daktari anasema bado imo, na dawa zilizobaki ndizo zitakazompa nafasi ya kuishi. Jirani yake wa kitanda, mkulima kutoka Kwa Sadala, alijiona mzima akaenda kupalilia migomba. Aliporudi, dawa zilezile hazikumfaa tena. Tumemzika Jumamosi.

"Mjomba, nimechoka na sindano," Elia akalalamika.

"Choka ukiwa hai," nikamwambia.

Shemeji ameondoka peke yake. Nakupenda, dada, ila usimtume mtu tena. Viatu vya Elia nimevivaa mimi, ndivyo ninavyochumia kahawa. Vinanibana sana, na sivivui mpaka amalize dawa.

Mdogo wako, Masanja