Baba, Farasi Alimkanyaga Shefu Wako

Baba,

Shefu Dezire anachechemea. Najua weye ungeanza barua kwa salamu, ungeuliza habari za kila mtu mpaka karatasi ijae, lakini mimi sikurithi subira yako. Anachechemea mguu wa kuume. Aliyemkanyaga ni farasi, na aliyeacha akanyagwe ni mimi.

Tangu uondoke ziwa limepanda tena. Limekula ukuta wa nyuma wa depo ya kampuni, na siku nilipoona maji yanaingia pale mlipokuwa mkipakua simenti, nilisimama barabarani nikafurahi. Ndivyo nilivyokuwa. Unajua ulivyokufa, lakini hujui kilichoandikwa baadaye.

Papa Kashindi, mpakiaji wako wa siku zote, alinieleza yote. Ulimwambia Shefu kwamba mbao za chini zimelowa, kwamba rundo likipandishwa mpaka karibu na paa litaanguka. Shefu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa depo, akakupigia kelele mbele ya watu wako. Ulikuwa kapita, msimamizi wao, ungeweza kumtuma mwingine. Ukawaambia wote wasogee, ukapanda mwenyewe, nalo likakuangukia. Hilo nalo bado linanikasirisha, Baba, sikufichi.

Tulipokwisha kukuzika, raporo ya ajali ikatoka: kapita alikuwa amekunywa. Weye! Shemasi, mtu ambaye hata kasiksi, ile pombe ya ndizi ya harusini, ulikuwa unampitishia jirani bila kuinusa. Shefu hakufika kwenye kilio. Ilifika karatasi yake. Kanisani watu wakaanza kumsalimu Mama haraka haraka, kama wanaopita karibu na mlango wa choo. Nilikuwa namenya mihogo siku niliposikia mwanamke mmoja anasema nje ya ua wetu, "Kumbe pombe ndiyo ilimuua." Niliapa nikiwa na kisu mkononi. Sikujua nitafanya nini, ila niliapa.

Kazi niliyoipata ingekuchekesha. Huko Nyakabere kuna mama mmoja, Madamu Solange, mzaliwa wa hapa hapa Uvira, aliyesoma mbali akarudi na farasi watatu aliowanunua upande wa Burundi. Anafundisha wakubwa wa kazi: mashefu, makapita, wakuu wa hospitali na wa shule. Hawafundishi kwa ubao. Anamwambia shefu aingie zizini, amwongoze farasi kati ya mapipa na miti iliyolazwa chini, na watumishi wake wanaangalia. Farasi hajui cheo wala gari la mtu. Ukiwa na hofu anaijua, ukiwa na hasira anaijua, ukimvuta anagoma. Baadaye wanakaa kwenye mabenchi chini ya mabati, naye anawauliza maswali. Hawahubirii. Anauliza tu, kisha ananyamaza mpaka mtu ajijibu mwenyewe.

Mimi nilianza kwa kuzoa mavi. Madamu akaona wanyama wananikubali, akanifundisha kamba: kusimama kando, kuongoza bila kuvuta, kumgeuza farasi kabla hajamgonga mtu. Kuna jike mmoja mweupe, tunamwita Sabuni. Hapendi mikono inyanyuliwe karibu na macho yake. Akiona hivyo anarudi nyuma na kuzunguka. Kazi yangu ilikuwa kuivuta kamba kidogo, kwa wakati wake, asimfikie mtu. Niliijua kazi hiyo vizuri. Ulikuwa unasema kazi ya kapita ni kuona jambo kabla halijatokea. Niliona kabla, Baba. Kumbuka hilo.

Kampuni ikawaleta mashefu wake na baadhi ya wapakiaji. Dezire akashuka garini na viatu vya ncha. Madamu akampa buti, akazikataa. Alinipita, akanipa kofia yake nimshikie. Hakunijua. Nina pua yako na paji lako la uso, na hakunijua.

Nilimchagulia Sabuni mimi mwenyewe.

Mara ya kwanza alimvuta, akamfokea, na Sabuni akakita miguu chini. Wapakiaji wakatazama pembeni ili wasionekane wanacheka. Wakaenda kukaa. Madamu akamuuliza, kwa ile sauti yake ya chini, ni nani mwingine kazini aliyewahi kusimama mbele yake namna ile. Akasema hakuna. Ndipo Papa Kashindi, ambaye unajua hasemi mbele ya wakubwa, akasema bila kuinua kichwa:

"Kapita wetu. Ile siku ya simenti alisimama vile vile."

Dezire akacheka. "Ule? Ule alikuwa mulevi."

Madamu akapendekeza wapumzike. Yeye akataka kurudi zizini saa ile ile, aonyeshe kwamba anaweza. Aliingia na hasira zake zote. Akanyanyua mikono. Sabuni akaanza kurudi nyuma, akazunguka, nikaona kwato inaelekea wapi. Nilikuwa na muda wa kutosha kuvuta kamba. Nikailegeza.

Sauti ya mifupa ya vidole vya mguu si kubwa. Sauti yake mwenyewe ndiyo ilikuwa kubwa. Nilimsikia analia, Baba, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nisingekudanganya.

Yaliyofuata ndiyo yananipa aibu. Dezire akadai farasi ni mkali, auzwe, la sivyo kampuni haitaleta mtu tena. Madamu akaniuliza nini kilitokea. Nikasema Sabuni aligeuka ghafla, hakuna aliyeweza kumzuia. Akaniomba niandike. Nikaandika, nikatia sahihi. Baada ya juma moja mtu akatoka Sange kumwangalia; alitaka mnyama wa kuvuta mkokoteni wa mpunga. Akamfungua mdomo kuona meno, akampiga kofi ubavuni. Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Sabuni akaweka pua yake begani kwangu, akanipumulia shingoni.

Nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimemwandikia raporo ya uongo asiyeweza kujibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Dezire, nimeshika kalamu yake.

Mkurugenzi wa kampuni, mama mmoja mkavu kutoka Bukavu, alikuwa amefika siku hiyo kuhakikisha mnyama anaondoka. Nikawafuata yeye na Madamu chini ya mabati.

"Farasi haina kosa," nikasema. "Minye niliacha kamba, na nilijua. Minye niko mutoto ya ule kapita munaita mulevi."

Mkurugenzi akauliza kapita gani. Hakuwa na habari ila ile karatasi ya Dezire. Nikamweleza mbao zilizolowa, rundo, kelele, kila kitu. Akasema maneno yangu ni ya mtoto mwenye uchungu. Basi akaitwa Papa Kashindi. Akaja na wapakiaji wanne, kila mmoja akahojiwa peke yake, na kila mmoja akasema yale yale.

Sabuni hakuuzwa. Dezire ameondolewa depo, amepewa meza na makaratasi, hana mtu wa kumfokea. Kampuni imeandika barua: kapita hakuwa amekunywa, alionya, hakusikilizwa. Imesomwa kanisani, mbele ya wale wale. Mama hakulia. Alimwomba mchungaji aisome tena tangu mwanzo, polepole, akageuka kwenye benchi lake akawaangalia nyuso mmoja mmoja wakati inasomwa. Sijawahi kumpenda Mama kama siku ile.

Mimi nimeadhibiwa. Madamu aliniambia kwamba aliyenikabidhi kamba alinikabidhi mwili wa mtu, na kwamba haki yangu haikunipa ruhusa hiyo. Nimerudi kuzoa mavi mpaka atakaponiamini tena. Nimekubali, ni halali yake. Alitaka nimwombe Dezire radhi kwa ajili ya mguu. Nikamwambia nitamwomba siku atakapoingia kwetu, akae mbele ya Mama, aseme alichoandika juu yako. Hajaja. Mimi pia sijaenda. Pengine ungenikemea. Nikemee basi, lakini sioni majuto mahali popote ndani yangu, na nimetafuta.

Sasa nikuage, kwa kuwa ng'ombe wa Mulenge wanateremshwa, nao farasi wakiwasikia huhangaika. Lala, Baba. Jina lako ni safi hapa juu.

Nakuahidi jambo moja. Mkurugenzi ameamuru Dezire arudi kumaliza mafunzo mguu ukipona, wapakiaji wale wale wakiwepo. Kufikia hapo nitakuwa nimerudishiwa kazi yangu. Nitamlinda kuliko nilivyowahi kumlinda mtu. Hata unywele wake hautaguswa. Hatapata kidonda cha kujifichia. Na Madamu atakapomuuliza tena ni nani aliyesimama mbele yake, nitasubiri hapo hapo, jua liwake linavyotaka, mpaka alitaje jina lako kwa mdomo wake mwenyewe.

Mimi mtoto wako,
Faida